Keshia akiugua, supamaketi ilipe?

Mwezi uliopita nilikaa kwenye kibanda cha chai karibu na Soko la Wakulima, Nakuru, na keshia wa supamaketi moja ya mjini. Alinionyesha hati yake ya mshahara. Mshahara ni shilingi 20,000, na chini yake makato: NSSF ya akiba ya uzeeni 1,200, ushuru wa nyumba 300, SHIF ya bima ya afya ya serikali 550. Akaniuliza, "Na mwajiri wangu naye anatoa ngapi?"

Tukahesabu pamoja. Kwa akiba ya uzeeni, mwajiri anaongeza 1,200 zake. Kwa nyumba, 300. Kwa ugonjwa, sheria haimtaki aongeze hata shilingi moja. Ile asilimia 2.75 iliyoanza kukatwa Oktoba 2024, SHIF ilipochukua nafasi ya NHIF, inatoka yote mfukoni mwa mfanyakazi. Kazi ya mwajiri ni kuikata na kuifikisha. Wapo wanaowanunulia watu wao bima ya kibinafsi, na nawashukuru, lakini hiyo ni hiari yao.

Suala hili linatuhusu sisi wa Nakuru kuliko wengi. Jina la supamaketi ya Nakumatt lenyewe ni Nakuru Mattresses lililofupishwa. Tuskys na Naivas zina mizizi Rongai, mwendo mfupi tu wa matatu kutoka hapa. Tumeyaona maduka haya yakiota kutoka vibanda vya magodoro na unga, na mengine tumeyaona yakizikwa.

Hapo ndipo wenye maduka wanapoanzia hoja yao, na ina uzito. Faida ya pakiti ya unga au ya maziwa ni ndogo mno, na duka huishi kwa kuuza nyingi. Nakumatt ilifika mwisho wake mwaka 2020, Tuskys ikafuata muda mfupi baadaye, na wafanyakazi wakabaki wakidai mishahara, sembuse matibabu. Ukimbebesha mwajiri mzigo asioumudu, wanasema, utampoteza mwajiri na kazi pamoja.

Kuna pia funzo la Marekani. Mwaka 2006 jimbo la Maryland lilipitisha sheria iliyozitaka kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 10,000 kutumia angalau asilimia 8 ya mishahara kwa afya yao, au kulipa tofauti kwa jimbo. Kila mtu alijua mlengwa ni Walmart, kampuni kubwa ya supamaketi. Mahakama ikaibatilisha mwaka huohuo, na rufaa ikashindwa Januari 2007. Baadaye sheria ya kitaifa ya 2010 iliwabana waajiri wakubwa kuhusu bima ya wafanyakazi wa saa 30 au zaidi kwa wiki. Mwaka 2014 Walmart ikatangaza kuwaondolea bima waliokuwa chini ya saa hizo. Mwajiri akichorewa mstari, hutafuta namna ya kuwaweka watu upande wa pili wa mstari huo.

Hapa kwetu mstari huo ni wakala anayeajiri watu kwa niaba ya duka. Binamu yangu alikuwa akipanga bidhaa kwenye ghala la supamaketi, si hapa mjini, lakini aliyemwajiri kwa karatasi alikuwa wakala. Bela moja ya unga ni pakiti 12 za kilo mbili, yaani kilo 24, na siku ya mzigo huzihesabu kwa mamia. Jioni moja aliinua bela kuipandisha rafu ya juu, mgongo ukakataa. Meneja alimwambia kwa upole aende apumzike, halafu ampigie wakala. Simu ya wakala haikushikwa siku tatu. Alipobonyeza *147# kuangalia bima yake, akakuta michango haijafika kwa miezi kadhaa, ingawa kila mwezi alikuwa akikatwa. Tulifungua kikundi cha WhatsApp, tukachanga 18,000 ndipo akapigwa picha ya mgongo na kupata dawa. Waliotoa wengi ni wenzake wa ghalani, mia mia, mia mbili mbili, watu ambao nao hawana.

Nikikumbuka hilo siwezi kukubali kwamba afya ya mfanyakazi ni shauri lake mwenyewe. Mgongo ule uliharibikia chini ya paa la duka, ukilipandishia duka mali yake. Sheria ya Ajira ya 2007 yenyewe, kifungu cha 34, inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi anayeugua anapata dawa. Kifungu cha 37 kinamtazama kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo kama mwajiriwa wa mwezi. Maneno yapo. Lakini kijana wa kupanga rafu atayadai wapi, naye hajui hata bosi wake ni nani?

Hata hivyo sitaki kila duka liwe na bima yake. Siku ya kufungwa kwa duka, bima nayo hukatika, na mfanyakazi hupoteza mshahara na daktari asubuhi moja. Hilo Nakuru tumelionja. Ninachotaka ni maduka makubwa yaongeze kwenye SHIF kiasi kilekile anachokatwa mfanyakazi, kama yanavyofanya kwa NSSF na nyumba. Kwa duka la watu 100 wa mshahara wa 20,000, ni shilingi 55,000 kwa mwezi. Duka la mtaani Kaptembwa lenye watu watatu liachwe lipumue. Na hesabu ya watu ifanywe kwa wanaofanya kazi chini ya paa, wa wakala wakiwemo, na wakala asipofikisha michango, duka lilipe.

Nitaambiwa SHIF yenyewe haijatulia. Ni kweli, hospitali za kibinafsi zimelia mara nyingi kwamba madai yao hayalipwi kwa wakati, na mwenye duka ana haki ya kuuliza fedha zake zitakwenda wapi. Ila huyu keshia haulizwi kama anaiamini. Shilingi 550 zinakatwa kabla hajaushika mshahara.

Binamu amerudi kazini, ghala lilelile, wakala mwingine. Nilimsihi abonyeze *147# kila mwisho wa mwezi. Anabonyeza. Mwezi huu mchango umefika.