Ubeti wa Tarbia na Nafasi Mbili Zisizoonekana

Katika kazi yangu ya kuhariri makala za Kiswahili za tovuti hapa Nairobi, nimefikia msimamo ambao sioni haya kuutetea: mwandishi aandike matini tupu yenye alama chache, na katika lugha za alama za namna hiyo, Markdown ndiyo inayomfaa zaidi. John Gruber wa Marekani aliitoa mwaka 2004, Aaron Swartz akiwa mshauri wake, kwa nia kwamba maandishi yasomeke vizuri hata kabla ya kugeuzwa kuwa HTML, yaani msimbo unaojenga kurasa za tovuti. Alama mbili za reli (##) mwanzoni mwa mstari hutangaza kichwa kidogo, na nyota mbili kila upande wa neno hulitia herufi nzito. (Kwenye WhatsApp herufi nzito huletwa na nyota moja, ilhali katika Markdown nyota moja huleta herufi za mlazo, wageni wengi huteleza hapo.)

Ninachokithamini zaidi ni kile kichwa. Mwandishi aliyezoea Word huukoleza mstari, akaukuza kidogo, akaamini kwamba ameandika kichwa, na kwa macho kweli kinafanana nacho. Lakini msomaji asiyeona, anayesikiliza ukurasa kwa programu ya kusoma skrini, huruka kutoka kichwa hadi kichwa ili afike anakotaka, na mstari uliokolezwa tu programu hiyo huuhesabu kuwa aya kama aya nyingine. Alama ya reli humlazimisha mwandishi aseme wazi kwamba hiki ni kichwa, na ni cha ngazi gani.

Kuna pia uchafu unaobebwa na kunakili na kubandika. Niliwahi kupokea makala ya ufugaji yenye aya nne tu, na nilipofungua msimbo wake nikakuta karibu kila sentensi imefungwa ndani ya maelezo ya fonti na rangi. Neno ng'ombe lenyewe lilikuwa na sura mbili, mahali pengine kwa ritifaa iliyonyooka na pengine iliyopinda, hata kitafutio cha tovuti kikawa kinaleta nusu tu ya kurasa zilizostahili.

Hata hivyo, Markdown ina kasoro inayotuumiza sisi wa Kiswahili kwa namna ya pekee, nayo inahusu ushairi. Ukikata mstari mmoja tu ndani ya aya, kivinjari hatimaye huuonyesha mkato huo kama nafasi ya kawaida, kwa hiyo mishororo minne ya ubeti huungana ikawa sentensi moja ndefu, na vina vya kati na vya mwisho vikapoteza makao yao. Dawa ya asili ilikuwa kuacha nafasi mbili mwishoni mwa mshororo. Dawa hiyo siipendi hata kidogo, kwa sababu nafasi hazionekani, na baadhi ya programu za kuandikia huzifuta faili linapohifadhiwa, bila kumwarifu mtu.

Hivyo ndivyo shairi la mwalimu mmoja mstaafu, tarbia yenye beti saba, lilivyotokea hewani likiwa aya saba za nathari. Alinipigia simu asubuhi hiyo hiyo. "Mwanangu," akasema kwa upole ulionichoma kuliko ukali, "umenivunjia shairi." Nilimwambia, "Nisamehe, Mwalimu," nami sikuwa na neno la kuongeza.

Njia niliyoifuata, na ambayo ningependa kila mhariri wa mashairi aifuate, imo katika CommonMark, maelezo ya kina ya kanuni za Markdown yaliyoanza kutolewa mwaka 2014 yakiandikwa hasa na John MacFarlane ili kuondoa utata ulioachwa na maelezo ya awali. Humo unaruhusiwa kuweka mkwaju wa nyuma (\) mwishoni mwa mstari, alama ambayo jicho huiona na ambayo haifutwi kimyakimya. Niliweka mikwaju 21, mitatu kwa kila ubeti, kwa kuwa mshororo wa nne huufunga ubeti na hauhitaji alama. Ukiuwekea, mkwaju wenyewe utajitokeza mbele ya msomaji.

Faili lile nilimtumia Mwalimu kama lilivyo. Lilifunguka kwenye simu yake bila programu yoyote ya ziada, akalisoma lote kwa sauti, mshororo kwa mshororo, kisha akaniuliza mikwaju ile ni ya nini.