Pensheni ya Uingereza: wa Manila anaongezewa, wa Mombasa anagandishiwa

Kila Aprili serikali ya Uingereza hupandisha pensheni ya serikali kwa kanuni iliyopewa jina la kufuli tatu: huangaliwa mfumuko wa bei, ukuaji wa mishahara na asilimia 2.5, kisha huchukuliwa kilicho kikubwa kuliko vyote. Aprili 2023, bei zilipokuwa zimeruka, nyongeza ilifika asilimia 10.1. Mstaafu wa Leeds aliipata. Wa Manila aliipata. Wa Mombasa, Unguja, Kampala au Toronto hakuongezewa hata peni moja, hata kama wote walikatwa michango ile ile ya Bima ya Taifa, makato ya mshahara yanayompa mtu haki ya pensheni, kwa miaka ile ile.

Pensheni yenyewe haizuiwi. Hulipwa popote duniani. Kinachozuiwa ni nyongeza. Anayeishi Uingereza, katika Umoja wa Ulaya, Uswisi, au nchi yenye mkataba wa hifadhi ya jamii unaoruhusu nyongeza (Marekani, Jamaika, Barbados, Israeli, Mauritius, Uturuki, Ufilipino na nyingine chache) huongezewa kila mwaka. Kwingineko kiwango husimama palepale kilipokuwa siku mtu alipoanza kulipwa, au siku aliyohama kama alikuwa ameshaanza kulipwa. Kenya, Tanzania, Uganda, Oman, Afrika Kusini, India, Australia na Kanada zote ziko upande huo. Wanaoguswa ni takriban watu 450,000, wengi wao wakiwa Australia, Kanada na New Zealand. Na kuna kituko kimoja: mstaafu akirudi Uingereza kutembea, hulipwa kiwango cha sasa kwa muda aliopo huko, akipanda ndege kurudi kwake, anateremshwa tena.

Mwaka wa kwanza au wa pili pengo halitishi. Linamkamata mtu akijaliwa umri mrefu. Annette Carson, Mwingereza aliyehamia Afrika Kusini, alianza kulipwa mwaka 2000 kwa pauni 67.50 kwa wiki, kiwango kamili cha pensheni ya msingi wakati ule. Aliyestaafu siku ile ile akabaki Uingereza alikuwa akipokea pauni 176.45 katika mwaka wa fedha 2025/26. Yaani kiwango cha mwaka 2000 kimebaki kama asilimia 38 ya cha mwenzake. Hata waliostaafu juzi juzi wameanza kuachwa: kiwango kamili cha pensheni mpya, ya waliofikia umri wa kustaafu kuanzia Aprili 2016, kilikuwa pauni 155.65 ilipoanzishwa mwezi huo, na 230.25 Aprili 2025.

Carson alikwenda mahakamani. Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho nchini, lilimkatalia mwaka 2005, majaji wanne kwa mmoja. Mwaka 2010 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg ilimkatalia yeye na wenzake 12, kwa kura 11 dhidi ya 6.

Hoja zilizowaangusha zinafaa kusikilizwa vizuri, kwa sababu kilio cha kawaida, "nilichangia mwenyewe, nipeni changu", hakina nguvu kama kinavyosikika. Michango ya Bima ya Taifa haiwekwi akiba kwa jina la mtu. Inayokatwa leo ndiyo inayowalipa wazee wa leo, na sehemu yake huenda kwenye mafao mengine na huduma za afya. Nyongeza nayo ilibuniwa kufuata bei na mishahara ya Uingereza. Kodi ya nyumba ya London haimhusu mtu anayeishi Nyali. Majaji wa Strasbourg waliona pia kwamba nchi ikiingia mkataba na nchi moja haimaanishi kwamba imejifunga kuwapa watu wa nchi nyingine zote haki hiyo hiyo. Vinginevyo nani angethubutu kutia saini mkataba wowote?

Kisheria, basi, serikali ina pa kusimamia. Inakoanza kuteleza ni pale inapoeleza busara ya jambo lenyewe. Kama nyongeza ni ya kupambana na bei za Uingereza, kwa nini apewe aliyeko Manila au Istanbul? Katika visiwa vya Virgin, mstaafu anayeishi upande wa Marekani huongezewa, ilhali anayeishi upande ulio chini ya Uingereza yenyewe hagusi kitu. Katika maeneo mengine yaliyo chini ya Uingereza, Gibraltar na Bermuda wanaongezewa, Falkland hapana. Mzee wa Jamaika aliyekwenda kujenga Uingereza ya baada ya vita akarudi kwao anaongezewa; jirani yake wa Trinidad aliyefanya kazi naye haongezewi. Orodha hii haikupangwa kwa kigezo cha uhitaji wala gharama ya maisha. Ni mabaki ya mazungumzo ya miongo iliyopita, na kwa miongo mingi sasa Uingereza haijaongeza mkataba mwingine wa namna hiyo nje ya Ulaya. Serikali za vyama vyote viwili vikubwa zimeirithi sera hii na kuikalia.

Jambo lingine linalonifanya nisiikubali hoja ya "bei za kwetu" ni pensheni ya kazi ya Huduma ya Taifa ya Afya, ile anayopata muuguzi kama mwajiriwa. Hiyo huongezwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei wa Uingereza hata kama muuguzi anaishi Kisumu. Naye hulipwa na serikali hiyo hiyo. Watetezi wa sera watajibu kwamba ile ni sehemu ya mshahara uliocheleweshwa na hii ni fao la jamii. Tofauti hiyo ipo, lakini haijibu swali: mfuko mmoja unajua kwamba bei hupanda Kisumu pia, wa pili haujui.

Kwetu Afrika Mashariki hesabu ina kona yake. Mwaka 2000 pauni moja ilikuwa kama shilingi 1,200 za Tanzania. Mwaka 2025 ilikuwa imepita 3,000. Kwa hiyo pauni 67.50 zilizoganda zilitoka kama shilingi 81,000 kwa wiki hadi zaidi ya 200,000 bila London kuongeza chochote. Kuporomoka kwa shilingi kumempa mstaafu wa Tanga nafuu ambayo wa Sydney hakuipata. Kenya nafuu hiyo ni nyembamba zaidi, kwa kuwa pauni ilitoka shilingi 115 hivi hadi karibu 170, na bei za unga, dawa na karo za wajukuu zimekwenda mbio kuliko hapo. Ni kinga, lakini haina mwenye kuidhamini.

Suluhisho linalodaiwa na wanaharakati siku hizi si kulipwa malimbikizo. Wanaomba kila mmoja aanzie kiwango alichonacho sasa na kupata nyongeza za mbele tu. Kurejesha kila mtu kwenye kiwango kamili kungegharimu mamia ya mamilioni ya pauni kwa mwaka. Hili la kuanzia hapo ulipo ni nafuu sana mwanzoni, ingawa hukua mwaka hadi mwaka. Kwangu huo ndio mwafaka. Hauwatozi vijana wanaokatwa leo deni la miaka ishirini, na unamwondolea mzee wa miaka tisini adhabu ya kuishi muda mrefu.

Njia ya mikataba ni ngumu. Australia ilikasirika, ikavunja mkataba wake na Uingereza mwaka 2001 kwa sababu ya suala hili hili, na sera haikutikisika. Nairobi au Dodoma zitaweka nini mezani ambacho Canberra haikuwa nacho?

Wanaopanga kurudi nyumbani wana mambo mawili ya kuzingatia. Kuganda hakuanzi siku unayoondoka Uingereza kama hujafika umri wa kustaafu. Huanza pensheni inapoanza kulipwa. Muuguzi aliyechangia miaka 15 akarudi Kenya akiwa na miaka 50 atapata sehemu yake, 15 kwa 35 (miaka 35 ndiyo inayotoa pensheni kamili), kwa kiwango cha siku atakapoanza kulipwa. Pili, chini ya miaka kumi ya michango hakuna pensheni mpya kabisa.

Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuajiri wahudumu wa afya Julai 2021, kwa hiyo idadi ya wenye swali hili itaongezeka. Tangu Januari 2024 raia wa Uingereza wanaoishi nje wamefunguliwa mlango wa kupiga kura bila ukomo wa miaka 15 uliokuwepo, na waliogandishiwa Toronto na Sydney sasa wana kura ya kumtishia mbunge. Muuguzi aliyerudi Eldoret na pasipoti ya Kenya peke yake hana kura hiyo.