Simu za mtumba nazo zimefungwa

Mwandishi wa makala kuhusu simu zilizofungiwa mtandao mmoja, yaani zisizokubali laini ya kampuni nyingine mpaka zifunguliwe, ameeleza kesi zake kana kwamba ni mambo ya Marekani tu, ambako sheria ya mwaka 2014 ilirudisha ruhusa ya kuzifungua iliyokuwa imeondolewa mwaka 2013. Mimi hapa Masasi niliuziwa simu ya mtumba kutoka nje, na nilipoweka laini yangu kioo kikadai namba ya kufungulia. Fundi akataka shilingi elfu ishirini, nami nikazitoa katika pesa ya korosho. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa simu zilizofungiwa mtandao mmoja Desemba 2021, uamuzi ninaouona wa haki zaidi, kwa kuwa mkataba wa mnunuzi wa kwanza na kampuni ya simu iliyoifunga haunihusu hata kidogo.