Masikio Yako Sawa, Basi Ni Mkaidi?

"Hasikilizi. Mkaidi." Ndivyo alivyoandikiwa mtoto wa dada yangu kwenye ripoti ya muhula, na hospitali walikuwa wameshasema masikio yake ni mazima. Ndugu nao wakahitimisha: anafanya makusudi. Nimeudhika hadi sasa.

Kipimo alichofanyiwa nakijua. Unakaa kwenye chumba kimya, unavishwa hedifoni, unabonyeza kitufe kila ukisikia mlio, kwa kawaida kuanzia mlio mzito wa hezi 250 hadi mwembamba wa hezi 8,000. Kinaonyesha kama sauti inafika. Ubongo unaichambuaje ikishafika, hasa penye kelele, hilo halikupimwa. Na shida ya hapo ina jina lake: tatizo la ubongo kuchambua sauti, kwa Kiingereza "auditory processing disorder". Mtaalamu Helmer Myklebust aliandika habari za watoto wenye shida hii huko Marekani mwaka 1954! Miaka yote hiyo, na sisi bado tumeshika fimbo.

Hebu ingieni darasani kwake. Paa la bati, madirisha hayana vioo, darasa la jirani wanakariri tebo kwa sauti. Mwalimu anasoma imla: "Baba amefua shati." Mtoto anaandika "Baba amevua shati." Sauti imemfikia, ila imechanganyikana na makelele, na sentensi aliyoiandika ina maana kamili, sasa atajuaje kuwa amekosea? Kisha linakuja agizo refu: fungeni madaftari, toeni vitabu, ukurasa wa arobaini, swali la tatu hadi la sita. Yeye amebaki na "la sita" tu. Anachungulia kwa jirani aone wenzake wanafanya nini. Anachapwa kwa kuangalizia. Mtoto huyu anajitahidi kusikiliza kuliko darasa zima, na jioni anarudi nyumbani amechoka hoi kwa kazi hiyo ambayo hakuna anayeiona.

Haya, walimu wana watoto wengi mno, na watundu wapo kweli. Hata wataalamu wanabishana tatizo hili linaishia wapi na lile la umakini au la lugha linaanzia wapi. Lakini kumkalisha mbele, mbali na dirisha, kusema naye uso kwa uso, kumpa agizo moja moja na kuliandika ubaoni, hayo hayangoji bajeti wala wataalamu wakubaliane.

Na masikio yanayotoka usaha kila mara, ambayo nayo yanaweza kuchangia shida hii, tuyatibu mapema, tusiyazoee.

Mzazi, ukiambiwa vipimo viko sawa na mwanao bado anauliza "nini?" kila mkiwa penye watu, usikubali kuishia hapo. Akifika miaka 7 hivi anaweza kupimwa kwa maneno yanayosemwa katikati ya kelele, au kwa tarakimu tofauti katika kila sikio kwa wakati mmoja. Uliza ni wapi wanapima hivyo, na wakikuzungusha, uliza tena.