Porti mbili za iSCSI: bondi au maltipathi?

Seva ina porti mbili za gigabiti 1 kwa ajili ya stoo ya data inayofikiwa kwa iSCSI, yaani itifaki ya kutumia diski za mbali kupitia mtandao, na stoo nayo ina mbili. Hapo ndipo mafundi hugawanyika. Kuna wanaozifunga porti kuwa bondi moja ya LACP (itifaki ya kuunganisha waya kadhaa zifanye kazi kama mmoja) yenye anwani moja ya IP, na kuna wanaoipa kila porti anwani yake, kisha maltipathi, programu inayoifikia diski moja kupitia njia kadhaa, ikasimamia njia.

Watu wa bondi wana hoja, wala si ya kubeza. Usanidi wake ni mfupi, na fundi wa zamu ya usiku anauelewa hata kama hakuuweka yeye. Kebo ikichomoka, Linux huona taa imezima na kuhamia porti ya pili kabla sekunde haijaisha. Kwa NFS (huduma ya kushirikiana faili mtandaoni) yenye wateja tele ningefunga bondi na kwenda kulala.

Ila iSCSI haina wateja tele. Kwa kawaida ni muunganisho mmoja wa TCP, kutoka seva hadi porti ya TCP namba 3260 ya stoo (hii ni namba tu, si tundu la kebo). LACP huchagua waya kwa kukokotoa anwani, na muunganisho mmoja hubaki kwenye waya mmoja ili pakiti zisifike zimepishana. Nakili faili kubwa uone: megabaiti 110 hivi kwa sekunde, waya wa pili umekaa bure.

Kwa maltipathi, iSCSI hufungua vikao viwili, mathalani kimoja kwenye sabneti (kundi la anwani za mtandao) ya 10.10.1.0/24 na kingine kwenye 10.10.2.0/24, kila kimoja kupitia swichi yake. Swichi zenyewe si lazima zijuane. LACP ikitaka kuvuka swichi mbili, lazima ziungwe zionekane kama moja, na ziko swichi za namna hiyo ambazo siku ya kubadilisha programu zake huwaka upya zote kwa pamoja. Tena maltipathi huipima njia mpaka kwenye diski. Swichi iliyoganda huku taa zikiwaka, LACP ya mwendo wa polepole inaweza kuchukua sekunde 90 kuistukia.

Sasa nami nijisute. Mara ya kwanza nilipojaribu maltipathi kwenye Linux, nilichomoa kebo moja kwa majivuno mbele ya wenzangu, mashine zote zikaganda zaidi ya dakika mbili. Nilikuwa nimeiacha `replacement_timeout`, yaani sekunde ambazo iSCSI husubiri njia irudi, kwenye 120, kwa hiyo iSCSI iling'ang'ania njia iliyokufa badala ya kuiachia maltipathi. Nikaishusha hadi 5, nikachomoa tena, safari hii kimya kimya.

Mtego mwingine ni kuweka porti zote mbili kwenye sabneti moja: Linux huweza kujibu ARP (swali la mtandao la "nani ana anwani hii?") ya porti hii kupitia ile, na njia mbili zikawa moja bila wewe kujua. Na ukipandisha MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti kwa baiti, hadi 9000, hakikisha kwa `ping -M do -s 8972` kutoka kila porti, kwa sababu swichi moja iliyosahaulika kwenye 1500 huruhusu kikao kifunguke, kisha data nyingi ikwame.

Mimi ni wa maltipathi. Bondi naikubali pale stoo ni ndogo, ina anwani moja tu, na ninachotafuta ni usalama wa kebo, si kasi.