Maji ya Mabatini yanaanzia juu kwenye viwanja vyetu

Mvua kubwa ikipiga Mwanza tu maneno ni yale yale, mto Mirongo umefurika, watu wa Mabatini, mtaa ulio kando yake, wahame, serikali ijenge mtaro mkubwa zaidi. Mtaro unahitajika kweli, na kuna watu wamejenga hadi ukingoni mwa mto. Ila hapo tunaangalia maji yalikofikia, hamna anayeuliza yametoka wapi.

Chukua kiwanja cha mita za mraba 600 maeneo mapya kama Buswelu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwahiyo mvua ya milimita 30, ambayo huku inaweza kushuka jioni moja, ni lita 18,000 kwa kiwanja kimoja. Kabla ya ujenzi udongo na nyasi vilikuwa vinakunywa sehemu kubwa, sasa mtu anapiga bati alafu ua mzima hadi getini anamwaga pevingi maana hataki vumbi wala tope, basi karibu yote yanatoka nje. Nyumba 100 za hivyo ni kama lita milioni 1.8, zinateremka kwa pamoja, zimebeba oili, plastiki na vyoo vilivyotapishwa, zinaingia ziwani, na ziwa ndo hilo hilo tunalokunywa.

Ndo maana naona wanaotaka tupime viwanja kivingine wanaeleweka vibaya, watu wanadhani ni urembo wa bustani. Wanachosema ni nyumba zisogeleane, barabara za mtaa ziwe nyembamba, korongo la asili liachwe na miti yake, maji ya gata yaende kwenye simtanki au kwenye sehemu ya ua iliyochimbwa kidogo ikapandwa majani. Kaunti ya Prince George's kule Maryland, Marekani, walianza hivi miaka ya 1990.

Wapinzani wanasema Mwanza ni mawe, maji hayazami. Kwa milima kama Igogo wako sahihi kabisa, pale simtanki ndo jibu. Wanaoogopa mbu watazaliana humo? Maji yakizama ndani ya siku mbili mbu hawahi, toka yai hadi kuruka anahitaji kama wiki. Hoja inayonisumbua ni matunzo, maana kile kishimo cha uani kikijaa mchanga kimekufa, na mwenye nyumba akihama nani atazoa?

Mabatini yenyewe imeshajaa, tuanzie viwanja ambavyo havijauzwa. Halmashauri inapopitisha ramani imuulize mtu maji ya bati lake yanaenda wapi, akijibu barabarani asipewe kibali.