Mama Aliijua Bahari Mpaka Kiunoni

Mama yangu ni mtu wa Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja. Amekua akiokota kombe na tondo maji yakitoka, na kilimo cha mwani kilipoingia Unguja mwaka 1989 alikuwa mama kijana wa watoto wawili, akachukua kamba na vigingi vyake akaingia majini na wenzake. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kiasi, anazijua bila kutazama kalenda. Lakini bahari aliyoijua maisha yake yote ilikuwa inamfika kiunoni. Samaki alimjua akiwa ameshafika ndooni. Jiwe, yaani mwamba wa matumbawe, alilijua kwa nyayo, kwa kulikanyaga na kukatwa. Hakuna aliyewahi kumpa miwani ya kuzamia akamwambia: hebu inama, tazama.

Januari tulimchukua tukaenda naye Fumba, tukakodi mashua peke yetu, watu tisa wa ukoo mmoja, tukashinda baharini upande wa kisiwa cha Kwale. Niliporudi na kuwasimulia wenzangu kazini, jibu la kwanza lilikuwa lile lile ninalolisikia kila mara: hayo ni mambo ya watalii. Kukodi chombo kizima! Nimeamua kuandika kwa sababu naona tunajinyima kitu chetu wenyewe kwa neno hilo. Kwa familia kama zetu, chombo cha peke yenu si anasa. Ni stara, na ni wakati.

Nianze na stara, kwa kuwa hiyo hakuna tangazo la safari linaloitaja. Mwanamke wa miaka sitini na moja, aliyevaa baibui tangu ujana, hawezi kuteremka majini mbele ya wageni ishirini wasiomhusu, wenye simu mkononi, wanaopiga picha kila kinachosogea. Hata asipokatazwa na mtu atajikataza mwenyewe. Atakaa kwenye ubao wa chombo na pochi yake mapajani, atalinda viatu vya wajukuu, na jioni atasema safari ilikuwa nzuri. Nimewaona mama wengi wa namna hiyo, nami nilikuwa karibu kumfanya wangu awe mmoja wao.

Siku ile chombo kilikuwa chetu. Mama alivaa deera lake la maua, suruali ndani, mtandio ameufunga kwa nyuma, na boya la kuokolea juu ya vyote hivyo. Mume wangu na kaka yangu walitangulia majini. Nahodha hakuambiwa neno na mtu yeyote. Alimwita baharia wake, wakahamia gubetini, mbele kabisa ya chombo, wakatupa mgongo, wakaendelea kusuka ncha ya kamba huku wametazama Fumba. Mama akashuka ngazi ya shetri, huko nyuma ya chombo, pole pole, mguu mmoja, kisha wa pili. Kwa adabu ile ya wazee wawili wa pwani, pesa yote ya siku ile kwangu ilikuwa imesharudi, na jua lilikuwa bado halijapanda.

Sasa wakati. Miaka miwili kabla ya hapo nilikwenda na kundi, upande wa Kizimkazi, kwa safari niliyouziwa mjini. Tulipangiwa kuondoka saa tatu asubuhi, kama walivyoondoka wa jana na watakavyoondoka wa kesho. Siku hiyo ilikuwa bamvua. Huku kwetu, siku za bamvua maji hutoka mpaka mwisho wake kwenye saa nne asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi. Kwa hiyo tulitembea mwendo mrefu juu ya mawe na mwani, watu wazima wanateleza, watoto wanalia, mpaka tukakifikia chombo kilipoelea. Mchana maji yalipoanza kuingia yaliingia kwa nguvu, mkondo ukawa unatuburura, na mchanga wa chini ulitimka mpaka sikuona zaidi ya mkono wangu. Tulipewa dakika thelathini. Mtu akipuliza filimbi, juu.

Siku za maji mafu mambo hugeuka. Maji hujaa kwenye saa nne asubuhi, hayapandi sana wala hayashuki sana, na mkondo unakuwa mpole. Ndiyo siku za mama mzee na watoto. Kila mvuvi wa Fumba anajua hivyo, na kila mwanamke wa mwani wa Jambiani anajua hivyo. Lakini ukinunua nafasi kwenye chombo cha wengi, umenunua saa ya ofisi, na bahari haifuati saa ya ofisi. Tulipozungumza na nahodha wetu, hakutuuliza tunataka kuondoka saa ngapi. Alituuliza tunaweza kusubiri mpaka Jumanne. Tukasubiri. Tuliondoka saa mbili asubuhi, mashua ikielea karibu kabisa na pwani, mama akapanda bila kuloa juu ya goti.

Na pomboo. Hapa nina uchungu na sitauficha. Safari ile ya kundi niliyoisema, tulikuta pomboo watano au sita, mmoja ana mtoto ubavuni. Nilihesabu boti kumi na moja. Kila wanyama walipoibuka, mashine zote ziliungurumishwa kwa pamoja, boti zikawakata mbele, watu wakarushwa majini juu yao kama watu wanaorusha mawe. Wakazama. Wakaibuka mbali. Mbio zikaanza tena. Yule mama pomboo na mwanawe nilimfuata kwa macho mpaka nikaona aibu kuwa mmoja wa wanaomtazama. Wazee wa Kizimkazi wanakumbuka kuwa pomboo hao hao waliwahi kuvuliwa ili wawe chambo cha papa, mpaka miaka ya 1990 watu walipoona kuna riziki katika kuwaacha hai. Basi riziki hiyo sasa tunaifukuza kwa mashine.

Manahodha wale sikuwalaumu sana, wala leo siwalaumu. Nahodha anaogopa mgeni asiyeona pomboo, kwa kuwa mgeni huyo atanung'unika kwa aliyemleta, na aliyemleta kesho ataita chombo kingine. Chombo kikiwa chenu, hofu hiyo mnaweza kumtoa kwa sentensi moja. Sisi tulimwambia asubuhi kabla ya kung'oa nanga: mzee, pomboo tukijaliwa kuwaona tutawaona, hatumfukuzi mtu. Nilimwona alivyovuta pumzi. Akasema, "Haya ndiyo maneno." Tukawaona, wanne, kwa mbali upande wa kisiwa cha Pungume, wakipita na njia yao. Alizima mashine, tukakaa kimya, wao wenyewe wakasogea kidogo kisha wakaenda zao. Watoto wanaizungumza robo saa hiyo mpaka leo.

Ghuba yote hii, kutoka Fumba kuzunguka mpaka Kizimkazi, ni eneo la hifadhi la Menai tangu 1997, kilomita za mraba 470. Ada ya hifadhi inalipwa, na muombe risiti yake. Ila hifadhi ya kweli niliiona kwenye nanga. Tulipofika kwenye jiwe nahodha alilolichagua, hakuitupa. Baharia alivaa miwani, akashuka nayo, akaiweka kwa mkono kwenye kiraka cha mchanga baina ya matumbawe, akarudi juu akaashiria kwa kidole gumba. Ilichukua dakika mbili. Nanga ikitupwa ovyo juu ya tumbawe la duara linaloongezeka kama sentimita moja kwa mwaka, inavunja umri wa mtu mzima kwa pigo moja. Na matumbawe yetu hayana ziada: joto la 1998 liliyapausha na kuyaua sehemu nyingi za Bahari ya Hindi, na 2016 likarudi. Kwenye chombo chenye haraka, hakuna atakayepata dakika mbili za kuweka nanga kwa mkono.

Miwani ya mama ilipata ukungu mara ya kwanza. Baharia aliitemea mate, akaisugua kwa kidole, akaisuuza, akampa kaka yangu ampelekee. Mama akacheka mpaka akameza maji. Halafu akainama, mrija mdomoni, mkono wake umeng'ang'ania bega la mume wangu, na akanyamaza. Deera lilijaa maji likatanda pembeni mwake, na vitatange wawili wa manjano wakaja mpaka kwenye pindo la nguo, wakasimama hapo. Nilikuwa kando yake, nikiona vidole vyake vinavyoachia bega kimoja kimoja.

Akainua kichwa ghafla. "Kuna mtu anatafuna?"

Nilijua anachosikia. Ukitulia chini ya maji kwenye jiwe zima, lenye uhai, utasikia kama mtu anavunja barafu kwa magego. Nahodha alijibu kutoka gubetini, bila kugeuza shingo: "Pono huyo, Bi Mkubwa. Anakula jiwe." Kisha akamweleza, naye bado ametupa mgongo, kuwa pono anakwangua matumbawe kwa mdomo wake mgumu, anasaga, na kinachotoka nyuma ni mchanga; baadhi ya mchanga mweupe wa mafungu haya umepita tumboni mwa samaki. Mama amekula pono miaka sitini. Akarudisha uso majini, na hatukumwona tena uso wake mpaka alipoanza kutetemeka kwa baridi.

Niseme neno kuhusu deera lile. Mafuta mengi ya kujikinga na jua yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Hawaii walipiga marufuku kuuzwa yenye oksibenzoni, mojawapo ya kemikali hizo, kuanzia 2021. Nguo zetu za mikono mirefu zinafanya kazi ile ile na haziachi kemikali hizo majini. Mwenye kuona haya kuogelea na nguo zake asione haya tena.

Mengine ya siku ile nayapitia haraka. Kwale tuliuona mbuyu mkubwa ulioanguka ukaendelea kuchipua, watoto wakapanda juu yake. Kwenye mikoko tuliingia maji yakiwa bado mengi. Tulikula samaki wa mkaa kwa ukwaju, wali wa nazi, na maembe boribo. Mpwa wangu aliokota kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, amnyanyue kwa picha, na mama, siyo mimi, ndiye aliyesema: mrudishe, huyo anapumua humo humo.

Gharama. Ni kubwa kuliko kununua nafasi moja moja, sitaki kumdanganya mtu. Lakini tulikuwa tisa, tukachanga miezi minne, kwa utaratibu ule ule tunaochangia harusi za watu tusiowajua vizuri. Na hatukupitia kwa papasi, wale wanaowafuata wageni njiani kuwauzia safari, wala kwa wakala. Tulikwenda Fumba siku chache kabla, tukakaa na nahodha chini ya mti, tukakubaliana bei, mafuta, chakula, na nani atapika. Anayelipa mjini, sehemu nzuri ya pesa yake inabaki mjini. Mwenye chombo na usukani mkononi hupata kilichobaki, halafu tunamshangaa anapopakia watu kupita kiasi. Mlipeni anayestahili, tena mkononi mwake. Na jirani zangu wa mjini mnaopatana bei na nahodha mpaka anakubali kwa unyonge: pale anapokubali kwa unyonge ndipo anapopunguza mafuta ya akiba.

Maana lipo la usalama, na hilo silifanyii mchezo. Shangazi yangu hakuja. Tangu usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na nyingine ikafuata Julai 2012, hajakanyaga chombo chochote. Simlazimishi, na sitamlazimisha. Ila hofu yake ndiyo iliyonifundisha maswali. Siku ile chini ya mti niliuliza leseni nikaonyeshwa. Niliuliza maboya, nikayahesabu, nikayavuta mikanda, nikataka mawili ya watoto yabadilishwe, yakabadilishwa. Niliuliza mashine ikizimika itakuwaje. Akanionyesha tanga lililokunjwa na foromali yake, ule mti wa kulitundikia. Niliangalia ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, kama mna maji. Nahodha mzuri hachukizwi na maswali haya, na anayechukizwa muageni hapo hapo pwani. Kwenye chombo cha wengi ungeuliza nani, na lini, watu wakiwa wameshapanda?

Alasiri upepo ulituridhia. Nahodha alizima mashine, baharia akatweka tanga, na sauti pekee ikawa maji ubavuni na mlingoti unaolia. Mama alikuwa amejifunga kanga mbili juu ya deera lililoloa, amekaa karibu na usukani, nywele zimechungulia kidogo kwenye mtandio na hajali. Alimwuliza nahodha mafungu yale yanaitwaje, moja moja, naye akamtajia. Kisha akamwuliza maji mafu yanayofuata yanaangukia siku gani ya mwezi mwandamo, kana kwamba yeye hajui.

"Mwezi ishirini na mbili, Bi Mkubwa."

Mama akanigeukia. Akasema tumwambie shangazi.